"Nataka Kama Hii Hii"

(Maneno niliyoyasema mbele ya kikundi cha akina mama na vijana wa kazi za mikono, Kirumba, Mwanza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Maswali ya katikati na vicheko nimevipunguza.)

Mwadila!

Naona walioitika ni wale wa Magu na Kwimba. Wa mjini mnanitazama tu. Basi shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine, habari za mchana.

Mama mwenyekiti ameniomba nizungumzie kadi za mkono, hizi za wino wa spiriti, na amenipa dakika 30. Nitaanza na aibu yangu, maana ndiyo iliyonifundisha kazi hii kuliko chochote.

Alikuja kwangu binti mmoja na mama yake mzazi. Harusi imebaki wiki tano, kamati imeshakaa, michango inaingia. Yule binti alikuwa ameona kwenye simu ya rafiki yake kadi niliyoitengeneza mimi: samawati inayoyeyukia kwenye zambarau, na mstari wa dhahabu umekatiza katikati kama ufa wa mwamba. Akaniwekea simu mbele ya macho. "Dada, nataka kama hii hii. Kadi 200. Hizi 120 ziandikwe dabo, 80 singo." Nikasema hakuna shida. Nikapokea advansi, tena nikaihesabu mara mbili.

Siku tatu nilikaa nikiitafuta ile kadi. Rangi zile zile, plastiki ile ile, matone nayahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Ya kwanza ikatoka kama wingu la masika. Ya pili kama mtu kamwaga juisi. Ya 40 na kitu ilitoka nzuri, nzuri kuliko ile ya kwenye simu, lakini haikuwa ile. Siku ya nne nikampigia mama mtu nikamweleza ukweli, nikarudisha fedha ambazo nusu yake nilikuwa nimeshazila. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, si ungesema mapema?" Angenigombeza ningepata nafuu.

Kwa nini sikuweza? Hapo ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Wino huu ni rangi iliyoyeyushwa ndani ya spiriti badala ya maji. Ukiudondoshea kwenye karatasi ya daftari unazama papo hapo na kutokea upande wa pili. Ndiyo maana tunautandaza juu ya kitu kisichonyonya: kigae, kioo, plastiki. Hapo hauna pa kuingia, unatambaa. Spiriti inapaa hewani, rangi inabaki palepale ilipokutwa.

Na kinachoutambaza ni kitu mnachokiona kila siku jikoni. Sufuria lina maji, mafuta yanaelea juu. Dondosha tone moja la sabuni: mafuta yanakimbilia ukingoni kama yamefukuzwa. Hayakufukuzwa. Yamevutwa. Uso wa maji umekazwa kama ngozi ya ngoma, na pale sabuni ilipoangukia ngozi imelegea, basi upande uliobaki umekaza unavuta kila kitu kuelekea kwake. Uso wa spiriti umelegea tangu kuzaliwa. Mvuto wake ni kama theluthi moja ya ule wa maji. Sehemu mbili zenye mikazo tofauti zikikutana, yenye kukaza huvuta. Mwitaliano mmoja, Carlo Marangoni, aliandika tasnifu juu ya jambo hili huko Pavia mwaka 1865, na wanafizikia wakalipa jina lake, ingawa James Thomson alikuwa ameshalieleza mwaka 1855 alipotazama mvinyo unavyopanda ukutani mwa glasi na kuteremka kama machozi. Wote wawili wangeliona kwenye sufuria la dagaa.

Sasa jumlisha. Spiriti inakauka sekunde hadi sekunde, na kila inapopungua mvuto unabadilika. Upepo wa dirishani unabadilika. Tone moja nene, lingine jembamba. Mwezi wa saba wino unakauka kabla hujageuza shingo. Masika unakaa umelowa huku wewe unasubiri. Nani atarudia kadi ya Jumanne siku ya Alhamisi? Siku hizi mteja akiniambia "kama hii hii", namjibu: hii hii haipo, ila naweza kukupa za ukoo wake. Rangi zitakuwa zile, sura kila moja na yake, kama watoto wa baba mmoja. Wengi wanacheka na kukubali. Asiyekubali namwelekeza kwa mchapaji, kwa roho safi kabisa.

Na mchapaji si adui, hapa sitaki mnielewe vibaya. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa dukani ilitoka London mwaka 1843. Mtumishi wa serikali, Henry Cole, alikuwa na watu wengi wa kuwaandikia na muda hana, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja. Zikachapwa kwa mashine, kisha zikapakwa rangi kwa mkono moja moja, zikauzwa shilingi moja ya Kiingereza kila kadi, na wakati huo shilingi haikuwa fedha ya mchezo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mashine na mkono vilikula sahani moja. Nilipokuja kulijua hilo nililia kwa ndani, maana lilikuwa jibu la yule bibi harusi, na mimi nilikuwa nimeshamrudishia fedha zake.

Leo ningefanya hivi. Maandishi yote, majina, ukumbi, singo na dabo, yachapwe kwenye manila safi. Kazi yangu iwe utepe mmoja wa wino, upana sentimita 2, unaosimama upande wa kushoto wa kadi. Plastiki ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Ukiikata katikati ya urefu, kila nusu inakupa tepe 10 zenye urefu unaolingana na kadi ya A6. Plastiki moja, tepe 20. Kadi 200, plastiki 10. Kazi ya mchana mmoja! Na hakuna utepe hata mmoja utakaofanana na mwenzake, wala hakuna mgeni atakayelalamika.

Tuje kwenye kadi moja moja, zile za kuuza kwa mtu anayejua anampelekea nani. Mimi kadi naitazama kama kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina ujumbe. Anayeanza kazi hii husahau pindo. Amepata wino mzuri, anaubandika kutoka ukingo hadi ukingo, halafu anashangaa mbona kadi inaonekana kama kipande kilichochanwa mahali. Kata manila ya A4 katikati, kunja kila nusu: umepata kadi mbili za A6, sentimita 10.5 kwa 14.8, zinazoingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Mji wako, yaani kipande cha wino, usizidi 8.5 kwa 12.5. Kinachobaki ni pindo jeupe la sentimita moja kila upande, na chini zaidi kidogo. Pindo ndilo linalomwambia mtu kwamba kilichomo ndani ni picha.

Mji huo unaupataje? Hapa wengi hawaniamini. Simwagi wino kwenye kipande kidogo. Namwaga kwenye plastiki nzima, naiacha ikauke, kisha nachukua manila niliyoitoboa dirisha la 8.5 kwa 12.5 na kulitembeza juu yake. Polepole. Kushoto, kulia, nageuza kichwa chini. Plastiki nzima ukiitazama ni fujo. Dirisha likisimama mahali fulani, mara unaona ziwa. Unaona mvua inatoka Ukerewe. Napiga alama kwa penseli, nakata. Kwa plastiki moja napata vipande viwili, siku njema vitatu. Kilichobaki hakitupwi: kinakuwa tepe, au nakifuta kwa spiriti na kuanza upya, maana wino huu hata ukikauka mwezi mzima, tone moja la spiriti linauamsha.

Hilo la kuuamsha mlikumbuke kwenye gundi na kalamu. Ukiandika juu ya wino kwa maka peni, kalamu inauyeyusha na kuzoa rangi. Ukipaka vanishi kwa brashi, mstari mzima wa brashi unaburuza picha. Gundi nyeupe ya maji nayo haishiki plastiki, itabanduka kadi ikiwa bado njiani Shinyanga. Tumia selotepu ya pande mbili. Ujumbe uandike ndani, kwenye manila, kwa kalamu ya kawaida.

Vifaa. Najua swali la kwanza litakuwa hilo, na nimewaona wawili wameshanyoosha mikono. Wino wenyewe wa dukani hutoka nje, wa Ranger, wa Jacquard, chupa ndogo za nusu aunsi, kama mililita 15. Mzuri sana. Wenzetu wa huko humwaga juu ya Yupo, karatasi ya Kijapani isiyo na mti ndani yake. Ni polipropilini tupu, plastiki ya jamii moja na viroba vya kubebea mpunga. Ukiletewa zawadi, pokea. Lakini msikae miaka miwili mnasubiri zawadi.

Mimi nilianza na maka peni. Ng'oa kitako chake, toa sifongo ndefu iliyomo, ikate vipande, itie kwenye kichupa chenye spiriti kidogo, funga, iache ilale. Asubuhi una wino. Hakikisha ni ile isiyofutika. Ya ubao mweupe ukiitumia, picha inakauka vizuri, unafurahi, halafu mteja anapitisha kidole na picha inatoka yote kama vumbi la chaki. Nyeusi usiidharau: ukiipa spiriti ya kutosha, nyeusi nyingine hujichana pembeni na kuonyesha bluu na zambarau zilizokuwa zimejificha ndani yake.

Badala ya Yupo nimetumia zile plastiki angavu wanazoweka juu ya ripoti pale steshenari. Weka manila nyeupe nyuma yake na huwezi kujua. Karatasi ya kuchapishia picha inafaa kiasi, ila inameza haraka, haikupi mtambao. Na kuna karatasi ya magugu maji, haya haya yaliyotuvamia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Hiyo inakunywa wino kama mchanga, usijaribu kuitandazia. Ila ukiitumia kama pindo, ukabandika kipande cha wino katikati, loo.

Spiriti soma lebo. Ya asilimia 70, ile ya kusafishia kidonda, imebeba maji asilimia 30, na maji yanachelewa kukauka: yatakuachia madoa na mistari ambayo hukuiomba. Tafuta ya 90 na kuendelea. Mafundi simu wengine wanayo ya 99 kwa kusafishia bodi. Vitakasa mikono hapana kabisa. Vingi vina gliserini, kadi itanata vidoleni kama maandazi ya shira.

Sasa nyamazeni kidogo, hapa sitaki kicheko.

Umeme ulikatika jioni moja nikiwa nafanya kazi sakafuni, chumbani, dirisha nimelifunga kwa sababu ya mbu. Nikawasha mshumaa, nikauweka chini, mbali kidogo na sinia langu. Sikuugusa tena. Moto ulisafiri wenyewe. Mvuke wa spiriti ni mzito kuliko hewa, hauendi juu kama moshi. Unalala sakafuni, unatambaa kama maji, unautafuta mshumaa, ukiupata unarudi na moto hadi kwenye chupa. Nilipoteza pazia na nyusi. Wengine wamepoteza zaidi. Spiriti inatoa mvuke wa kushika moto kuanzia kama nyuzi 12, na Mwanza hii kwa kawaida hata alfajiri ya Julai haishuki huko. Maana yake chupa ikiwa wazi, mvuke upo. Na mchana, moto wake ni wa bluu hafifu, unaweza ukawa unawaka na wewe huuoni.

Sisi ni watu wa moto wa karibu. Mji wetu una mtaa mzima unaoitwa Makoroboi! Jiko la mkaa liko mlangoni, mtoto anapuliza chapati, mjomba anavuta sigara dirishani. Kwa hiyo fanya kazi nje, au barazani, mchana, na jiko lisiwepo karibu. Sinia likishika moto, lifunike kwa mfuniko wa sufuria, usilimwagie maji ukausambaza. Draya ya saluni usiiwashe juu ya wino mbichi. Mrija wa kupulizia unafaa, ila ukipuliza muda mrefu kichwa kinazunguka. Mimi natumia bomba la sindano tupu, natoa hewa kidogo kidogo. Glavu vaa. Na nakuombeni kwa jina la mama aliyewazaa: spiriti isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Ile ya viwandani wanaitia sumu makusudi ili watu wasiinywe, na mtoto hasomi lebo.

Haya, mnaweza kupumua.

Jua nalo. Tuko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Jua letu halina huruma. Rangi nyingi za wino huu, hasa tunazozitoa kwenye maka peni, ni za kuyeyuka, na mionzi ya jua huzivunja taratibu. Niliweka kadi sita kwenye kioo cha duka la rafiki yangu, upande wa magharibi. Waridi iliondoka kwanza, ikafuata zambarau. Baada ya miezi michache nilikuta vipande vya manjano iliyochoka. Vanishi ya kupuliza yenye kinga ya mionzi inachelewesha, haizuii; ukiitumia, simama umbali wa sentimita 30, puliza kiduchu, subiri, rudia, maana ukiilowesha na yenyewe inauamsha wino. Mwambie mteja ukweli: iweke ndani ya kabati la vyombo, isikae dirishani. Kadi kwa bahati huishi ndani ya bahasha na droo, inatulindia heshima.

Mnauliza nauza nini zaidi. Nilihangaika sana na jiwe la Bismarck, mwamba wetu ule wa ziwani. Kila mgeni anataka Bismarck. Wino haushiki ukingo, jiwe linatoka kama kiazi kilichoiva sana. Siku hizi wino nauachia mbingu na maji, jiwe nalikata kwa kisu kwenye manila nyeusi na kulibandika juu. Limenyooka, kila mtu analitambua, maisha yanaendelea.

Lakini inayoondoka kuliko zote ni ya usiku. Mnajua usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini, ukisimama Kapripoint ukatazama ziwani unadhani kuna mji mwingine umehamia kule. Natandaza nyeusi na bluu plastiki nzima, naiacha ikaribie kukauka. Halafu nachukua spiriti safi, isiyo na rangi, kwa ncha ya sindano butu, nadondosha tone moja. Tone linaisukuma rangi pembeni kwa duara, katikati panabaki peupe, na ukingoni panazungukwa na pete nyembamba. Karabai, taa ya mvuvi! Tone lingine, karabai nyingine. Kubwa karibu, ndogo mbali. Acha nafasi kati yao, wavuvi hawabanani. Nikifika saba au nane naweka sindano chini na kuondoka pale mezani, kwa sababu ya tisa ndiyo huharibu. Nimeharibu nyingi kwa ya tisa.

Ndani nimeandika "Wabeja", asante ya Kisukuma. Basi. Nilikuwa naandika shukrani kwa Kiingereza, nikidhani ndiyo inauza. Siku moja mzee mmoja alinunua kadi tano za "Wabeja" awapelekee waliomuuguzia mkewe, akaniambia hajawahi kuona neno hilo limechapishwa mahali zaidi ya kanisani. Mkerewe aandike la kwake, Mhaya la kwake. Idi, kipaimara, mtoto amezaliwa, mtu amefaulu, zote hizo zina wateja. Kadi za pole sitengenezi. Kwetu msibani mtu anakwenda kwa miguu yake, anakaa mkekani; ukituma kadi watauliza wewe ulikuwa wapi. Ila familia ikishamaliza matanga na inataka kuwashukuru waliowafariji, hapo kadi ina kazi, na wanaihitaji wakati wamechoka, kwa hiyo usiwapandishie bei.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Nimewaletea plastiki 12, maka peni za rangi nne na spiriti ya kutosha, nimeiweka kwenye begi, haijafunguliwa. Tutoke wote barazani, upepo wa ziwa umeshaanza. Waliofunga ushungi na kanga zenye mapindo marefu, zichomekeni. Na mama wa chai, samahani sana shikamoo, lile jiko naomba tulihamishie kule nyuma ya jengo kwanza. Chai itaiva huko huko. Sitafungua chupa mpaka nilione limeondoka.